Uzi: Tulivyolitazama jua likipatwa Rujewa 2016, na kwa nini maandalizi ya Agosti 2027 yaanze sasa

#1 Mwalimu_Usangu

Habari za wakati huu wakuu.

Kuna sauti inazunguka kwenye makundi ya WhatsApp kwamba tarehe 2 Agosti 2027 dunia nzima itaingia giza dakika sita, watu wajifungie ndani. Nimeisikia mara nne, mara ya mwisho kwa mzazi aliyekuja shuleni kuuliza kama tutafunga siku hiyo. Ndiyo maana nimeamua kuandika. Ni ndefu kidogo, mnivumilie.

Kupatwa kwa jua siku hiyo kupo kweli. Ila giza kamili litashuka kwenye ukanda mwembamba tu: kusini mwa Hispania, Morocco, Algeria, Tunisia, Libya, Misri, Saudi Arabia, Yemen, na ncha ya kaskazini ya Somalia. Luxor, Misri, ndiko watakaa gizani zaidi ya dakika sita. Sisi wa Tanzania na Kenya tutaona jua limemegwa upande mmoja, mchana, halafu linarudi. Ni Jumatatu. Dunia haizimiki.

Sasa niwaambie nilichojifunza 2016.

Alhamisi ya tarehe 1 Septemba 2016 nilikuwa Rujewa, makao makuu ya Wilaya ya Mbarali, na wanafunzi wangu wa kidato cha pili. Siku ile mwezi ulipita katikati kabisa ya jua, lakini ulikuwa mbali na dunia kuliko kawaida, kwa hiyo haukulifunika lote. Kipenyo chake kilikuwa kama asilimia 97 ya kipenyo cha jua. Ikabaki pete. Dkt. Noorali Jiwaji wa Chuo Kikuu Huria cha Tanzania alikuwa ameshalieleza jambo hili kwenye vyombo vya habari mapema sana, na watu waliitikia: wenyeji, wageni kutoka mikoa mbalimbali, wazungu na mitambo yao, akina mama na watoto mgongoni, wauza maji na mahindi ya kuchoma.

Mwezi ulianza kuuma jua kama saa nne na robo asubuhi. Muda mrefu hapakuwa na tofauti yoyote kwa asiye na miwani. Ilipokaribia saa sita mwanga ukawa wa ajabu. Giza halikuwepo. Ulikuwa kama mwanga wa jioni, lakini vivuli vifupi vya mchana, na rangi ya udongo imepauka kama picha ya zamani. Joto likashuka, ngozi ikajua kabla ya macho. Halafu mtu akapiga kelele: pete! Ilikaa kama dakika tatu.

Kitu kilichonishika zaidi hakikuwa juu. Tulikuwa karibu na mwembe, na chini yake, kwenye vumbi, palikuwa na pete ndogondogo zisizo na idadi, zimepandana kama magamba ya samaki. Kila upenyo kati ya jani na jani ulikuwa umechora jua lake. Binti mmoja alivua kiatu akaweka mguu pale, pete zikamkaa juu ya unyayo. Akasimama hivyo hivyo hadi zikaisha, hakusema neno.

Lakini uzi huu nauandika kwa sababu ya watoto wengine.

Shule moja ya msingi, ambayo sitaitaja, iliwafungia watoto madarasani tangu saa nne. Madirisha yakazibwa kwa khanga na magunia. Walimu waliogopa macho ya watoto, na hofu hiyo naiheshimu, maana ni ya kweli. Miaka michache baadaye mmoja wa watoto hao akawa mwanafunzi wangu. Nilipofundisha somo la mwanga na vivuli, nikawasimulia pete za chini ya mwembe, akanyoosha mkono: "Mwalimu, hata sisi tuliziona. Zilikuwa sakafuni. Tukadhani ni wadudu."

Bati la darasa lao lilikuwa na matundu ya misumari. Kutoka kwenye bati hadi sakafuni ni kama mita tatu na nusu, na kila tundu lilikuwa limeshusha jua zima mpaka chini, upana wa vidole viwili, likimegeka mbele ya macho yao tangu saa nne. Watoto arobaini walikuwa ndani ya chumba chenye kifaa cha kutazamia jua, salama kabisa, hakuna hata mmoja aliyeambiwa tazama chini. Wakazikanyaga wakidhani wadudu.

Jambo hilo halijanitoka hadi leo. Ndiyo hoja yangu kwa 2027: tusiwafungie watoto, na tusingoje miwani ya msaada. Tufundishe watu kutazama chini.

---

#2 Kapunga_Kwetu

Mwalimu umenirudisha mbali sana. Nilikuwa darasa la sita mwaka huo. Baba alitutoa shambani, mpunga ulikuwa umeshavunwa, tukaenda kwa miguu. Tulikuwa tumeambiwa kuku watarudi bandani na ng'ombe watalala. Ng'ombe wetu waliendelea kula tu. Ila ndege walinyamaza, hilo nalithibitisha, na upepo ukawa wa baridi kwa dakika kadhaa.

Miwani tulikuwa nayo moja watu saba. Mtu anatazama, anampa mwenzake. Zamu yangu iliangukia kwenye pete na nadhani baba alifanya makusudi.

---

#3 Nesi_wa_Macho

Ahsante mleta uzi. Naongezea upande wangu, maana nipo kliniki ya macho na nimewaona walioumia.

Retina, ile ngozi ya ndani ya jicho inayopokea picha, haina mishipa ya maumivu. Ndiyo maana mtu anatazama jua, hasikii kitu, anafurahi, anarudi nyumbani. Baada ya saa kadhaa, au kesho yake asubuhi, anaona doa katikati. Akitazama uso wa mtu anaona masikio lakini pua haipo. Wengine hupata nafuu baada ya miezi, wengine doa halitoki maisha yote, na dawa ya kulifuta hatuna.

Siku ya kupatwa ni hatari zaidi ya siku nyingine kwa sababu moja: siku za kawaida jua linakulazimisha ufumbe macho. Likishamegwa, mwanga unapungua, jicho linaona raha, unakodoa. Lakini kile kipande kilichobaki kinaunguza vilevile.

Visivyofaa: miwani ya kawaida ya jua hata uvae mitatu, filamu ya eksirei, kioo kilichofukizwa moshi wa kibatari, sidii, na kutazama jua kwenye beseni la maji. Hili la beseni nalisisitiza kwa sababu wazee wetu wengi wanaliamini. Maji yanapunguza mwanga lakini hayapunguzi vya kutosha, na ukikodolea pale unaweza kuumia.

Miwani halali ya kutazamia jua ina alama ISO 12312-2. Ivae ndani ya nyumba utazame taa: usione kitu, au uone nuru hafifu mno. Kama unaona meza na watu, hiyo ni feki. Yenye mkwaruzo au tundu, tupa.

---

#4 Fundi_Grili

Wakuu naomba kuuliza. Sisi mafundi wa kuchomelea tunavyo vioo vyetu vyeusi. 2016 nilikuwa Makambako, watu walinijia karakana nzima wakitaka kuazima. Je, vile ni salama?

---

#5 Nesi_wa_Macho

Fundi, inategemea namba. Kioo cha namba 14 ni salama. Kisiwe chini ya 12 kabisa. Tatizo ni kwamba karakana nyingi za mtaani hutumia 10 au 11, na hizo zinatosha kwa cheche lakini hazitoshi kwa jua. Namba imeandikwa pembeni ya kioo chenyewe. Kama haisomeki, usimpe mtu. Na usipachike viwili pamoja ukadhani umepata 14.

---

#6 Fundi_Grili

Nimetoka kuangalia sasa hivi. Vyote vitatu ni 11. Kwa hiyo 2016 niliwapa watu vioo visivyofaa. Namshukuru Mungu sijasikia aliyeumia. Nitaandika kwa chaki ukutani hapa karakana ili na vijana wangu wajue.

---

#7 Binti_Pemba

Assalaam alaykum nyote.

Nataka niseme na upande wa imani, kwa sababu nimeona watu wa sayansi wakienda vijijini wanaanza kwa kusema "acheni mambo ya zamani", na hapo hapo wameshapoteza nusu ya wasikilizaji.

Bibi yangu, Mungu amrehemu, alikuwa akituambia mwezi ukipatwa ni chewa, yule samaki mkubwa, ameumeza, basi tunatoka na madebe na sufuria tunapiga ili autapike. Nakumbuka raha ya usiku ule mpaka leo. Mtaa mzima nje, watoto kwa wazee, wote wanatazama juu. Hebu niambieni ni mhadhara gani umewahi kuwatoa watu wote wa mtaa nje usiku wa manane?

Na kwa sisi Waislamu hofu ya kwamba kupatwa ni kifo cha mkubwa fulani ilikwishajibiwa zamani. Alipofariki Ibrahim, mwana wa Mtume, jua likapatwa siku hiyo hiyo, watu wakasema limepatwa kwa ajili yake. Mtume (s.a.w.) akawakataza, akasema jua na mwezi ni ishara mbili miongoni mwa ishara za Mwenyezi Mungu, hazipatwi kwa kifo cha mtu wala kwa uhai wake. Akaamrisha swala na dua. Baba aliyefiwa na mtoto siku ile ile ndiye aliyewaambia watu jambo la anga si la mwanangu.

Kwa hiyo ushauri wangu: zungumzeni na maimamu mapema. Swala ya kupatwa ipo, watu watakusanyika msikitini wenyewe. Baada ya swala waonyesheni vivuli uani. Mkutano umeshaitishwa, nyie leteni karatasi tu.

---

#8 Mwalimu_Usangu

Dada Binti Pemba, waalaykum salaam. Hili sikulifikiria hata kidogo, na nimeliandika kwenye daftari langu la maandalizi. Sisi huku tutazungumza na makanisa vilevile. Na wale wa madebe nawataka waje nayo. Ukipiga tundu dogo la msumari kwenye kitako cha debe lenyewe, mdomo ukauelekeza ardhini juu ya karatasi nyeupe, tundu likielekea jua, unapata jua lako mle ndani.

---

#9 Mzee_wa_Voi

Vijana wangu, nimesoma yote. Mimi nimeona kupatwa kikamilifu, na pete siyo kitu kimoja na hicho.

Ilikuwa Jumamosi tarehe 16 Februari 1980, huku kwetu Taita. Watafiti na watalii walikuwa wamekuja wengi, magari na darubini. Kabla ya adhuhuri, mwanga ulipungua polepole kama alivyosema mwalimu, halafu ghafula ukakatika, kama mtu amefunika sufuria. Mchana ukawa usiku. Nikaona nyota. Pale jua lilipokuwa palikuwa na shimo jeusi, na pembeni nywele nyeupe zimesimama pande zote. Nilikuwa mtu mzima tayari, nina watoto wawili, na nililia.

Mama watoto alikuwa amewaingiza ndani akafunga mlango. Alifanya kwa mapenzi. Lakini wale watoto sasa ni watu wa makamo, na kila nikisimulia huniuliza kwa nini hatukuwaita. Kwetu Voi haijatokea tena tangu siku hiyo.

---

#10 Lodwar_Hadi_Nairobi

Shikamoo mzee. Mimi naongezea ya 2013. Tarehe 3 Novemba, Jumapili, njia ilipita kaskazini mwa Uganda na huku kwetu Turkana. Upande wa Uganda, Pakwach, watu walijaa na Rais Museveni mwenyewe alienda. Kwetu watu walisafiri hadi Sibiloi, ng'ambo ya mashariki ya ziwa, safari ya siku mbili kwa wengine. Kupatwa kamili kungekaa sekunde chache tu. Na dakika za mwisho kabisa ikaja dhoruba, vumbi na mawingu, jua likapotea. Kuna watu waliovuka bahari kwa sababu ya sekunde hizo, na wakaona vumbi.

Ninachotaka kusema kwa mwalimu: usiweke watu wote mahali pamoja, na usiwaahidi kitu ambacho mawingu yanaweza kuchukua. Wazee wetu wa Turkana waliokuwa pale walieleza upepo, waliimba, walikaa na wageni. Siku haikuharibika kwa wale waliokuja kukaa na watu. Iliharibika kwa waliokuja na kamera peke yake.

---

#11 Mama_Wawili

Samahanini, mimi si msomi wa haya mambo. Nina mtoto wa darasa la tatu na nina ujauzito. Hapa mtaani nimeambiwa mjamzito akitoka jua linapopatwa mtoto anazaliwa na alama au mdomo uliopasuka. Na shule ikisema inawafungia watoto ndani, mimi mzazi naweza kusema nini?

---

#12 Nesi_wa_Macho

Mama, hongera kwa ujauzito. Hakuna kitu chochote kinachotoka kwenye jua siku hiyo ambacho hakitoki siku nyingine zote. Mwezi umepita mbele, basi. Mdomo uliopasuka una sababu zake nyingine, na mojawapo ya mambo unayoweza kufanya kwa ajili ya mtoto ni kuanza kliniki mapema na kumeza vidonge vya foliki asidi unavyopewa. Toka nje bila wasiwasi, tunza macho kama mtu mwingine yeyote.

---

#13 Mwalimu_Usangu

Mama Wawili, la shule nijibu mimi.

Usiende kugombana na mwalimu mkuu. Anabeba dhamana ya watoto mia nane na hana miwani hata mmoja. Ukimwambia "watoeni nje" unamwongezea hofu. Mpelekee kitu kinachoondoa hofu. Mwambie watoto watalipa jua mgongo. Hakuna anayeumia macho akilipa jua mgongo.

Hivi ndivyo ninavyofanya. Karatasi ya manila, tundu moja la pini katikati. Mtoto anasimama jua likimpiga kisogoni, anainua manila begani, mwanga unapita kwenye tundu na kuangukia karatasi nyeupe aliyoishika mwenzake mbele. Kile kidoa cha mwanga ni picha ya jua lenyewe. Ukubwa wake unategemea umbali: kila mita moja kati ya tundu na karatasi inakupa picha ya karibu milimita 9. Watu hukosea hapo, wanaweka karatasi karibu mno, wanapata nukta, wanakata tamaa. Ongeza umbali.

Jikoni kuna kung'uto la nazi, lina matundu mengi, litakupa majua kwa makumi. Hata vidole vyako vya mikono miwili ukivipishanisha kama wavu vinatosha.

Lakini ninachokipenda kuliko vyote ni kioo cha kujitazamia. Chukua kidogo kile cha mfukoni, kifunike chote kwa karatasi, acha tundu la duara la nusu sentimita hivi. Kiweke nje juani, kiegemeze kwenye tofali, uelekeze mwanga upite mlangoni hadi ukuta wa ndani wa darasa. Ukuta ukiwa mita 10, picha ya jua ni sentimita 9, karibu upana wa kiganja. Darasa zima linaona kwa pamoja, limekaa, limelipa jua mgongo. Mwalimu mkuu akitaka wakae ndani, wakae ndani. Jua litawafuata. Wawekee tu mtu mmoja mzima wa kulinda kile kioo, asikisogelee mtoto wala mtu asitazame ndani yake, maana hapo ni sawa na kutazama jua lenyewe.

Na jambo moja muhimu: msingoje siku yenyewe. Fanyeni hata kesho. Jua lipo kila siku na duara lake linafundisha. Mtoto aliyezoea kuliona likiwa zima ukutani, siku litakapomegwa ataona mwenyewe bila kuambiwa.

---

#14 Mswahili_wa_Muscat

Nawasoma kutoka Oman. Huku tulipata pete Juni 21, 2020, lakini ilikuwa wakati wa korona, wengi wetu tulitazama tukiwa majumbani, kila familia kivyake juu ya dari. Nilitumia kadibodi na tundu. 2027 wenzetu wa Jidda na Makka wako ndani ya njia ya giza kamili, na ndugu zangu kadhaa wa huko wameshaanza kuulizana. Mwalimu, na Tanzania pete itarudi lini?

---

#15 Mwalimu_Usangu

Mkuu, itarudi Jumatano tarehe 21 Mei 2031, asubuhi. Itaanzia Angola, ipite Zambia na Kongo, ikatize Tanzania, ivuke bahari hadi kusini mwa India na Sri Lanka. Mtoto wa Mama Wawili aliyeko tumboni atakuwa wa kupelekwa kwa mkono na kuonyeshwa. Kwa hiyo 2027 kwetu ni jaribio, 2031 ndiyo yenyewe.

---

#16 Mwl_Sumbawanga

Wakuu naleta mrejesho. Nimesoma huu uzi jana usiku, leo kipindi cha tatu nimejaribu kioo na darasa la tano. Tulikuwa na kioo cha mwalimu mwenzangu cha mkobani na karatasi ya daftari. Kutoka mlangoni hadi ukuta wa nyuma nimepima kwa hatua, kama mita nane.

Duara lilitokea safi. Kelele zilikuwa nyingi, hadi darasa la nne wakaja dirishani. Nikazungushia chaki ukutani ili waone ukubwa. Nikageuka kuandika ubaoni tarehe na saa. Nilipogeuka tena duara lilikuwa limeshatoka kwenye mstari wa chaki, limehamia pembeni, na hakuna aliyegusa kioo. Kama dakika mbili tu.

Mtoto mmoja wa dawati la mwisho, huwa hasemi, akauliza: "Mwalimu, ni jua linatembea au ni sisi?"

Kengele ikapigwa. Nimemwambia alete jibu lake kesho, na kioo nimekiacha pale pale.